Muhogo Una Majina Mangapi

Niliandika: muhogo unaoza.
Mashine ikawaza kidogo, kisha ikanitapikia
makala elfu arobaini na mia tatu:
za gundi, za wanga wa viwandani, za lishe ya nguruwe,
na moja, sijui iliingiaje, ya meno ya watoto.
Nikaanza na ya kwanza.
Ndiyo, ya kwanza, kama mtu anayechambua ulezi punje kwa punje.
Saa nane mchana nilikuwa kwenye ya kumi na moja,
na chapati yangu ya Wandegeya imepoa mkobani,
mahali ambapo haikuruhusiwa kuwapo.

Nina miaka arobaini na mmoja.
Kumi na minne kati yake nilikuwa bibi shamba huko Maracha,
juu ya pikipiki ya serikali isiyo na taa,
nikiwaambia watu: ng'oeni, chomeni, pandeni upya.
Mwaka uliofuata tulichimba tena
mizizi yenye michirizi ya kahawia,
kama chai iliyomwagika kwenye shuka.
Mama aliukata mmoja katikati, akaniuliza,
"Hivi wewe ulisomea nini?"
Swali hilo ndilo lililonipandisha kilima cha Makerere.

Bi Nalweyiso wa dawati la marejeo
ana Kiswahili cha kambini, kifupi, kilichovaa buti:
"Unatafuta kitu, ama unatafuta kuchoka?"
Akavuta kiti. Akanipa nusu karatasi.
"Andika swali lako. Sentensi moja."
Niliandika tano. Akafuta nne.
"Sasa, huo muhogo unaitwaje?"
Gbanda, nikasema. Akacheka; kwao ni muwogo.
"Na waandika vitabu wanauitaje?
Na ugonjwa? Na anayeubeba?"
Kati ya majina ya kitu kimoja akaweka AU.
Kati ya kitu na kitu akaweka NA.
Maneno yasiyotaka kutengana akayafunga kwa alama za kunukuu,
kama miguu ya kuku anayepelekwa sokoni.
"AU inafungua mlango. NA inaufunga.
Ukichanganya, utalala nje."

Elfu arobaini zikawa mia mbili na sita.
Za miaka kumi ya karibuni, thelathini na nane.
Kigelegele kilinifika kooni. Nikakimeza.

Ndipo umeme ukakatika.
Ukumbi mzima ukaguna kwa pumzi moja.
Nje ya dirisha, kaloli mwenye shingo ya upara
alikuwa juu ya pipa la taka:
anainama, anachomoa kimoja, anakitazama, anakiacha.
Miaka yote nilimwona mchafu.
Siku hiyo nilimwonea wivu.

"Lete ile uliyochapa," akasema Nalweyiso,
akaifungua kwa nyuma, kwenye maandishi madogo
ambayo mimi huyaruka kama dua ya mgeni.
Katika makala nne, ripoti ileile ya zamani.
"Wote wanamtaja. Wangapi wamemsoma?"

Droo za kadi, tochi ya simu.
Kadi ipo. Namba ipo.
Rafuni, pengo la vidole viwili.
Mimi nilishusha mikono; yeye alishusha magoti,
akasoma migongo ya majirani, kulia, kushoto, rafu ya chini.
"Si kila kilichopotea kimeibwa.
Vingine vimerudishwa na mvivu."
Ilikuwa imelala nyuma ya vitabu vya nyuki.

Ukurasa wa thelathini na moja, jedwali,
na chini yake mstari mmoja wa wino uliofifia:
*Mwenye shamba, mwanamke, Maracha, hakutaja jina.
Anasema ile mbegu chungu haiozi.*

Ile mbegu chungu.
Ile ya nyuma ya jiko, ambayo mama aliificha nisiione,
na niliiona,
na nilimwambia aing'oe.

Umeme uliporudi sikuandika upesi.
Nilikaa, mikono mapajani, mshale ukipepesa.
Kisha nikaongeza NA,
na baada yake neno moja:
chungu.